Saizi Ileile

Siku ya pili bila maji, mama alinipa ndoo mbili za lita 20 akaniambia niende ziwani na mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu, ovaroli ina grisi mpaka kwenye kola. Njiani majirani walikuwa wanalaumu. Wengine umeme, wengine mamlaka, na mzee mmoja akasema ni daraja, kwamba tangu lifunguliwe kila kitu cha Busisi kimehama, sasa na maji nayo yamehama. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Maji yalikuwa yamekatika kwa sababu ya mkono wangu, na nilidhani niko peke yangu ninayejua.

Mdogo wangu aliingia ziwani mpaka magotini, akasukuma magugu pembeni kwa ndoo. Nikamwambia atoke haraka, hapo kuna kichocho. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni.

"Sasa dada, tuchote wapi?"

Kwenye prezentesheni ya PT nilikuwa na slaidi moja iliyoandikwa "hitilafu ya beringi za msukumo". Nilikaa nayo kama sekunde ishirini, nikaenda inayofuata, na hakuna aliyeuliza. Haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya slaidi ile.

Wengi wetu wa uhandisi mitambo tukianza kuhangaikia nafasi za PT tunakimbilia viwandani Dar, au migodini kama una mjomba wa kukushika mkono. Mimi mwaka jana nilirudi nyumbani Busisi, upande wa Sengerema, kwa sababu chakula ni cha mama na hakuna kodi. Nikapata wiki 8 kwenye kituo kidogo cha kusukuma maji kando ya ziwa. Jina lake nitaliacha. Daraja la J.P. Magufuli lilikuwa limefunguliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya maji, na pale tulipokuwa tunakaa saa nzima au zaidi kusubiri pantoni, sasa gari linavuka kwa dakika chache. Raha kwa msafiri. Mama mdogo wangu aliyekuwa anauza sato wa kukaanga kwenye foleni ya pantoni ana habari tofauti, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kituoni tulikuwa wanne: opereta wawili wa zamu, fundi mmoja mtu mzima tuliyemwita Babu, na mimi. Babu hakuwa na cheti chochote ukutani. Alikuwa na sikio. Akiingia kwenye nyumba ya pampu anasimama mlangoni kidogo kabla ya kusalimia, kama mtu anayesikiliza kama ndani kuna wageni. Siku ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo Babu", akaitikia, kisha akanipima: "Mwangaluka?" Nikaitikia Kisukuma. Basi, nikawa nimeajiriwa.

Pampu zilikuwa mbili, pacha. Namba mbili ilikuwa imefunguliwa ikisubiri sili, kwa hiyo mji wote ulikuwa unategemea namba moja. Ilikuwa pampu ya sentrifugali ya kawaida kabisa: imelala, impela moja imening'inia mwisho wa shafti, mota ya kilowati 55, mizunguko 1,480 kwa dakika, inapandisha maji kama mita 60 hadi tangi la mlimani. Kitu kama hiki tumekisoma wote mwaka wa pili, tumechora, tumepata maksi, tumesahau.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba pampu ikisukuma maji, na maji nayo yanaisukuma pampu. Impela ina mgongo na ina uso. Mgongoni kote maji yenye presha yanaikandamiza. Usoni, katikati, kuna tundu la kuingilia ambako presha ni ndogo. Hesabu haisawaziki, kwa hiyo impela inavutwa kuelekea kule maji yanakotoka, mchana na usiku, ilimradi inazunguka. Kwa pampu yetu, tundu lile lilikuwa na kipenyo cha sentimita 15. Toa eneo la shafti, zidisha na tofauti ya presha, kama kilo 4 na nusu kwa kila sentimita ya mraba, unapata karibu kilo 700. Gunia saba za mahindi zinavuta shafti upande mmoja, na shafti yenyewe inazunguka mara ishirini na tano kwa sekunde.

Sisi tuliokulia Busisi huo msukumo tunaujua bila kujua jina lake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nainamia ukingo wa pantoni kuangalia povu la nyuma, nikijiuliza propela inasukuma maji, sawa, lakini chombo kinasukumwa na nini? Jibu ni kwamba propela inapokanyaga maji kwenda nyuma, yenyewe inataka kwenda mbele, na lazima kuwe na mahali inapoegemea ili nguvu ile iingie kwenye mwili wa chombo. Hapo ndipo kazi ya beringi ya msukumo ilipo. Bila hiyo propela ingevuruga mitambo yake yenyewe na chombo kingebaki palepale Kigongo. Zamani meli zilitumia kola nyingi za chuma zilizokuwa zinasagana na kupata moto, mpaka Michell wa Australia alipopata hataza mwaka 1905 kwa wazo la vibao vidogo vinavyoweza kuinama. Kibao kikiinama kidogo, oili inaingia chini yake kama kabari, na mzigo wote unakaa juu ya utando wa oili bila chuma kugusa chuma. Kingsbury kule Marekani alifika hapohapo kwa njia yake mwenyewe. Mitambo mikubwa ya umeme wa maji iliyosimama wima imeng'inizwa kwenye beringi za namna hiyo mpaka leo.

Pampu yetu haikuhitaji ufahari huo. Gunia saba zinabebwa na gololi. Lakini si gololi zozote. Beringi inayofaa hapo imechongwa mfereji wake kwa mshazari, pembe ya digrii 40, kwa hiyo gololi zinapokea msukumo kwa kuinama, kama mtu anayesukuma Noah iliyokwama kwenye tope. Hasimami wima, anaweka bega na kukaza mguu nyuma. Kasoro yake ni kwamba bega hilo linafanya kazi upande mmoja tu. Ndiyo maana zinafungwa mbili, mgongo kwa mgongo, mmoja akisukumwa huku, mwenzake anashika kule. Na kule kunahitajika kweli, kwa sababu pampu inapowashwa, au umeme unapokatika ghafla na maji yakarudi kidogo kabla vali haijafunga, msukumo unaweza kugeuka kwa kitambo.

Sasa niseme nilichofanya.

Wiki ya tatu, Babu alikwenda msibani. Aliniachia kazi ndogo: kuziongezea grisi beringi za upande wa kaplingi. "Kidogo," alisema. "Fungua kizibo cha chini kwanza." Kidogo ni neno la Babu. Mimi nilikuwa na desa lenye fomula: kipenyo cha nje mara upana mara 0.005, jibu ni gramu. Beringi zile zilikuwa na kipenyo cha nje milimita 110 na upana 27. Gramu 15 kila moja, 30 kwa pacha. Niliijua. Ningeweza kuiandika kwenye mtihani nikiwa nimefumba macho.

Lakini nilipoweka kiganja kwenye nyumba ya beringi nikakuta imechemka, nisingeweza kuacha mkono pale zaidi ya sekunde chache. Nikaogopa. Leo najua kwamba mkono wa mtu unashindwa kwenye digrii 60 hivi, na beringi ya pampu ikifanya kazi kwa digrii 60 au 65 haina shida yoyote, inaishi tu. Siku ile sikuwaza hivyo. Niliwaza kwamba kitu kikavu kinapata moto, kitu chenye mafuta kinapoa. Nikachukua bomba la grisi, lina kopo la gramu 400, nikapampu. Kizibo cha chini nilikiona kimeganda kwa rangi, spana ikateleza mara mbili, nikakiacha. Baada ya nusu saa nikagusa tena. Moto umezidi. Nikaongeza. Saa mbili usiku geji ya joto ilikuwa imepita 90 na grisi inachungulia kwenye sili ya shafti kama dawa ya meno, na mimi, Mungu anisamehe, niliona hiyo ndiyo dalili kwamba sasa imeshiba.

Grisi si maji ya kupooza. Ni sponji ya sabuni iliyoshika oili, na oili ndiyo inayofanya kazi. Ukijaza theluthi moja hadi nusu ya nafasi, gololi zinaisukuma grisi pembeni, inakaa pale na kutoa oili polepole. Ukijaza yote, gololi hazina pa kuisukumia. Zinaichuruza, zinaikoroga bila kupumzika, na kule kukoroga ndiko kunakoleta moto. Moto unaivunja grisi, oili inatoka yote, inabaki sabuni iliyoungua. Ukiona joto ukaongeza grisi, umemwagia moto mafuta ya taa huku ukisema unazima.

Saa nane usiku opereta alinigongea. Sauti niliisikia kabla sijafika mlangoni, kama mtu anayesaga kokoto kwenye sufuria. Akazima. Ukimya ule wa nyumba ya pampu, mawimbi yakisikika nje, sijausahau.

Babu alirudi asubuhi na kaniki ya msibani bado mkononi. Alifungua nyumba ya beringi taratibu, akatumia pula, hakupiga nyundo. Grisi ilitoka nyeusi, ngumu, inanuka kama ugali ulioungulia chini. Keji, ile fremu inayotenganisha gololi, ilikuwa imevunjika vipande vitatu. Gololi zilikuwa na rangi ya bluu, ile bluu ambayo chuma kinapata kikipikwa. Aliangalia grisi iliyojaa mpaka kwenye kifuniko. Akaangalia kizibo cha chini, rangi yake bado nzima. Akaniangalia mimi. Akachukua daftari la zamu na kuandika: *Beringi zimechakaa. Zibadilishwe.*

Nikakaa kimya. Si uongo mtupu, nilijiambia. Zilikuwa za zamani kweli. Bosi wetu aliposoma alisema tu nani aende Mwanza na kwa shilingi ngapi, maana stoo hakukuwa na beringi hata moja. Hapo ndipo nilipopewa ndoo na mama.

Tulipanda Hiace siku hiyohiyo, Babu na mimi, kwa kuwa nilikuwa na simu yenye katalogi. Juu ya daraja Babu alichungulia dirishani kule chini kilipokuwa kivuko, akasema amevuka pale miaka arobaini na hakuwahi kuliona ziwa kwa juu. Usagara, Nyegezi, mjini. Nikawa na maneno mdomoni njia nzima, na kila nilipotaka kuyasema konda akaita kituo.

Duka la kwanza hawakuwa nazo. La pili muuzaji, kijana mchangamfu, alichukua kipande cha beringi yetu, akaweka kalipa: ndani 50, nje 110, upana 27. Akapanda ngazi akashuka na maboksi mawili. Namba 6310.

"Saizi ileile, dada. Hizi hapa mbili, mnafunga jioni watu wanaoga."

Na alikuwa anasema kweli. Hili ndilo lililonitetemesha. Beringi ya 6310 na ya 7310 zina vipimo vilevile vya nje, milimita kwa milimita. 6310 ni beringi ya gololi ya kawaida, mfereji wake umesimama wima, unaikuta kwenye mota, kwenye mashine za kusaga, kila mahali, na bei yake ilikuwa chini ya theluthi ya ile nyingine. Ingeingia kwenye nyumba ya beringi bila kelele. Loki nati ingekaza. Pampu ingewaka, maji yangepanda, na bosi angetusifu kwa kubana matumizi.

Nilimwomba muuzaji kalamu nikapiga hesabu nyuma ya boksi. Kwa msukumo wa kilo 700, yaani karibu kilonyutoni 7, pamoja na mzigo kidogo wa pembeni, pacha sahihi ya 7310 kwa namba za katalogi ilinipa saa 43,000 hivi. Karibu miaka mitano bila kuzima. Kiwango cha API 610 kinachotumika kwa pampu za viwanda vya mafuta kinataka zisipungue saa 25,000, kwa hiyo tulikuwa pazuri. Kwa 6310, msukumo uleule, nilipata saa 2,600. Nikarudia nikidhani nimekosea desimali. 2,600. Siku mia na nane. Na kuziweka mbili hakusaidii sana, kwa sababu kama hazikutengenezwa zilingane, moja inatangulia kubeba karibu mzigo wote na nyingine inasindikiza.

Nikamsogezea Babu. Hakuangalia namba, aliangalia uso wangu. "Miezi mingapi?" akauliza.

"Mitatu na nusu."

"Wewe hutakuwepo."

Kweli. Ningekuwa Mlimani napiga msuli wa mwaka wa nne, PT imeshapata maksi, na pampu ingekufa katikati ya mvua au wakati wowote ule, na kwenye daftari kungeandikwa tena zimechakaa. Mtu angekuja tena na kalipa.

Muuzaji akaona hatununui. Akatoa 7310 mbili kutoka rafu ya juu, boksi tofauti tofauti. Nilifurahi, kisha nikasoma herufi zinazofuata namba. Herufi hizo wengi hatuzisomi, tunasoma namba kama tunavyosoma namba ya chumba. Moja inasema pembe ya digrii 40. Moja inasema keji ni ya shaba, chuma au plastiki. Na kuna zile zinazosema beringi hii imesagwa pande zake ili ikikaa na mwenzake wa aina hiyohiyo, pacha iwe na nafasi sahihi ndani. Hizi hazikuwa nazo. Zilikuwa za kufungwa peke yake. Ukizifunga mbili bila ulinganifu, zinaweza kubanana zikaungua au zikaachana zikacheza.

Duka la tatu walikuwa nazo, herufi zote, boksi limefungwa, na mwenye duka hakukasirika nilipoikagua kwa programu ya simu ya watengenezaji, maana beringi feki nazo zina boksi zuri. Tatizo likawa hela. Tulipungukiwa shilingi elfu sitini. Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikatoa hela yangu ya PT.

Babu aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Rudisha."

"Babu, watu hawana maji."

"Najua hawana maji. Mwanafunzi anunue beringi ya mji kwa nini? Unamlipa nani?"

Pale pale, mbele ya mwenye duka na mteja mwingine aliyekuja kununua mkanda wa mashine ya kukoboa, nikasema. Kwamba nilijaza kopo karibu lote. Kwamba sikufungua kizibo. Kwamba ilipopata moto niliongeza. Sauti ilikuwa inanitoka kama ya mtoto.

Babu akasema, "Kizibo nilikiona." Akanyamaza kidogo. "Zilikuwa zimechoka kweli. Mwezi wa nne zilianza kuimba. Wewe umemkimbiza mgonjwa." Kisha akampigia bosi akaomba elfu sitini zitumwe kwenye simu, na alipoulizwa kwa nini tusinunue zile za bei rahisi alinipa mimi simu. Nikaeleza. Saa 2,600 dhidi ya 43,000. Upande wa pili kimya kirefu, halafu mlio wa ujumbe wa pesa kuingia.

Tulifunga usiku ule. Babu alizipasha beringi kwenye sufuria ya oili mpaka digrii 110, si zaidi, zikapanuka, zikateleza kwenye shafti kama bangili kwenye mkono uliopakwa sabuni. Mgongo kwa mgongo, nilihakikisha mara tatu. Nyumba ya beringi tukaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Kizibo cha chini Babu alikipiga taratibu kikaachia, akanipa nikipake grisi kwenye hesi zake mimi mwenyewe.

Hapo tukabishana kuhusu ulainishaji, na nafikiri ubishi ule ulinifundisha kuliko semesta nzima. Mimi nilitaka tuhamie oili. Nyumba ile ilikuwa na nafasi ya kikombe cha oili kilichozibwa tangu zamani. Oili inaondoa joto, unaiona kwa macho, unajua kipimo chake: isimame katikati ya gololi ya chini kabisa wakati pampu imezimwa. Ikizidi inakorogwa na kupata moto kama grisi tu, ikipungua gololi zinazunguka kavu. Kwa kasi na joto letu oili ya VG 68 ingetosha. Kwa vitabu, nilikuwa nimeshinda.

Babu akanipeleka mlangoni. Nje, juu ya ziwa, kulikuwa na lile wingu la wadudu wanaopanda kama moshi, mnalijua nyie wa kanda ya ziwa. Asubuhi unawafagia kwa koleo. "Hawa wanaingia kwenye tundu la kupumulia," alisema. "Na unyevu. Oili inakuwa kama chai ya maziwa, hakuna anayeibadilisha, mpaka ife." Akaongeza kwamba pampu ya akiba ikikaa wiki tatu haizungushwi, oili inashuka yote chini na gololi za juu zinapata kutu zikiwa zimesimama. Grisi inang'ang'ania, inaziba, inasamehe mwenye zamu mvivu. Kwa mizunguko 1,480 na beringi ya ukubwa ule, grisi iko mbali sana na kikomo chake. Nilikagua. Kweli, iko mbali.

Nikasema lakini grisi haisamehi mwenye zamu mwenye bidii. Babu alicheka mpaka akakohoa.

Tukabaki na grisi. Ila nilipima kwa mizani ya duka la jirani mkupuo mmoja wa bomba letu unatoa kiasi gani: mikupuo ishirini ilitoa gramu 24. Kwa hiyo gramu 30 ni mikupuo 25. Nikaiandika kwa rangi nyeupe ukutani juu ya pampu: MIKUPUO 25. KIZIBO CHA CHINI KWANZA. IKIWA YA MOTO USIONGEZE, PIGA SIMU. Babu akaweka namba yake chini. Na kila Jumatatu pampu ya akiba izungushwe kwa mkono. Hilo aliliandika yeye, herufi zake zimelala kama nyasi.

Kwenye daftari la zamu, chini ya mstari wake, nikaandika: *Grisi ilizidishwa na mwanafunzi wa PT, kizibo hakikufunguliwa.* Nikatia saini. Bosi alilisoma, akaniita, akanisema kwa dakika kumi hivi mlango ukiwa wazi. Kwenye fomu ya tathmini alinipunguzia maksi kipengele cha "kufuata maelekezo". Alikuwa na haki.

Geji ilitulia kwenye 58. Nilikaa nayo mpaka kunakucha, nikigusa nyumba ya beringi kila baada ya muda, nikihesabu sekunde ambazo mkono unavumilia.

Nyumbani, bomba la uani lilikohoa hewa, likatema maji ya kahawia, kisha meupe. Mama akapiga vigelegele kidogo, akasema mafundi wamefanya kazi, Mungu awabariki. Nikamwambia ukweli nikiwa bado nimesimama mlangoni na ovaroli. Alinisikiliza huku anakinga maji. Akauliza kitu kimoja tu: hiyo grisi ni kama mafuta ya kukaangia? Nikasema inafanana. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia mtoto wake amejaza karai mpaka juu halafu akashangaa moto umewaka.

Kisha akanionyesha ndoo nne zilizokuwa zimepangwa ukutani, akasema nizijaze zote, na lile pipa pia, kwa sababu wiki tano za PT zilikuwa bado zimebaki.